Mikono ya Mtu Asiyelima

Kuchora kwa wino nilianza kwa hasira. Wakiniuliza watu kipaji nilikitoa wapi huwa nawaangalia tu, maana kipaji sina. Nilikuwa na cheti kilichoharibika, kalamu mkononi, na bosi aliyekuwa amenisema mbele ya wateja mpaka masikio yakawa ya moto.

Nilikuwa nimeajiriwa kwenye steshenari moja ya Majengo, pale Mpanda mjini. Kazi za steshenari kila mtu anazijua: fotokopi, kuchapa barua, kulamineti vitambulisho. Sisi tulikuwa na moja ya ziada. Makanisa na shule binafsi walituletea vyeti vilivyokwisha kuchapwa, vya ubatizo, vya ndoa, vya kuhitimu, kila kimoja na mstari wake mtupu, ili tuandike majina kwa mkono, kwa wino, kwa herufi za kupendeza. Bosi wangu, mama mtu mzima aliyekuwa na duka lile tangu mimi sijui kusoma, aliifanya kazi hiyo mwenyewe hadi mkono ulipoanza kumtetemeka. Ndipo akanikabidhi mpini wa mbao, nibu nne, zile ncha za chuma, ndani ya kopo la vidonge, na chupa ya wino mweusi aliouagiza Dar. Akaniambia wino ule haufutiki, kwa hiyo nisikosee.

Wiki ya pili nilikosea. Nilichovya nibu ikazama mno, na kabla sijaandika hata herufi moja, tone likaanguka juu ya cheti cha mtoto wa watu. Doa kubwa kama punje ya hindi. Vyeti vilikuwa vimeletwa kwa idadi, cha akiba hakikuwepo, na mwenye vyeti alikuwa amesimama pale pale kaunta.

"Nyie watu wa makambini," bosi alisema, "mikono yenu Mungu aliiumba kwa ajili ya jembe."

Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi wakiwa vijana. Mimi nimezaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, na kitambulisho cha taifa ninacho kama cha bosi, lakini kitambulisho hakimzuii mtu kukuita anavyotaka. Saa ya chakula walipoondoka wote nilibaki na kile cheti, nikalitazama lile doa kwa chuki, na kwa kutaka tu kuliharibu zaidi nikaliwekea mguu. Halafu mguu wa pili. Halafu shingo. Likawa kanga, wale ndege wa porini wanaovuka barabara bila haraka, na nikakaa mpaka saa nane nikimpigia nukta moja moja mgongoni. Hasira hasara, wanasema. Mimi hasira zilinifundisha kuchora, hasara ikaja baadaye.

Mambo ya mwanzo niliyojifunza ni madogo, na yote niliyajua kwa kukosea. Karatasi ya fotokopi inakunywa wino, mstari unaota ndevu. Kadi ya vyeti haina shida hiyo, kwa hiyo nikawa naokota vyeti vilivyoharibika na kuchora nyuma yake. Nibu mpya inakuja na mafuta, na usipoifuta kwa mate inakataa kushika wino. Ukivuta kalamu kuja kwako inatii. Ukiisukuma mbele inachimba karatasi na kukutemea. Kivuli hukipaki kama mtu anayepaka ukuta rangi. Unapanga mistari myembamba, halafu unaikatiza kwa mingine, na pale unapotaka giza zaidi unakatiza tena. Kiangazi vumbi la Mpanda linaingia kwenye chupa na wino unakuwa na chenga. Kosa dogo unaweza kulikwangua kwa wembe, taratibu, wino ukishakauka kabisa. Kosa kubwa unalipa shughuli nyingine, kama nilivyolifanya lile doa, au unatupa kadi.

Sitasema kwamba watu walinitia moyo. Jamaa wa studio ya picha, mlango wa pili kutoka kwetu, alikuja akasimama nyuma yangu, akachomoa simu, akaipiga picha meza yangu na kuibofya mara mbili. Meza ikageuka mchoro wa wino, na mistari yake yote. "Dada, ona, sekunde mbili," akasema. "Wewe hapo una wiki." Mama mwenye nyumba wangu kule Shanwe aliniuliza kama nimeolewa na ile chupa. Bosi alisema nichore nitakavyo mradi wino wa kazi usipungue, kisha akaanza kuipima chupa kwa kuiinua kwenye mwanga kila jioni.

Mtu wa kukaa nimchore sikumpata. Niliowaomba walicheka, au walikaa dakika tatu simu ikaita wakaondoka. Kwa hiyo nikachora nilichokuwa nacho, mkono wangu wa kushoto. Niliuweka mezani asubuhi kabla ya wateja, nikauchora umefumba, umefumbua, umeshika kikombe, umeshika ufunguo. Miezi mingi nilichora mkono ule. Kucha zilinishinda muda mrefu, zikawa zinatoka kama vifungo vya shati, mpaka nikagundua kwamba kucha haichorwi, inachorwa ngozi inayoizunguka. Siku nilipoligundua hilo nilitaka kumwambia mtu, na mtu hakuwepo.

Ndipo nikaamua kumchora mama. Nilimchora amekaa kwenye mkeka na ungo mapajani, anachambua maharage. Uso niliuogopa, kwa hiyo nilimwinamisha, kitambaa cha kichwa kikafunika macho. Ungo niliujua kwa kichwa, maana ni mimi niliyemnunulia. Mikono niliichora kwa kuangalia wa kwangu, kwa sababu ndio mkono pekee niliokuwa na uwezo wa kuuchora bila kosa. Ilinichukua wiki tano. Mstari hata mmoja sikuukwangua kwa wembe.

Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwenye picha ile: mama aitazame aseme, huyu ni mimi. Sio bosi, sio yule jamaa wa studio. Mama. Kuna msemo kwamba mcheza kwao hutunzwa, na mimi kwa miaka yote niliyokaa mjini nilikuwa sijawahi kwenda kwetu na kitu cha kuchezea.

Nilikwenda Mishamo mwezi wa maharage. Mama alikuwa anaishi na kaka yangu na mke wake, nyumba ya tofali za kuchoma, mihogo nyuma, tumbaku upande wa mtoni. Tulipomaliza kula nikaitoa picha kwenye bahasha, nikampa. Aliichukua akasogea mlangoni kwenye mwanga. Alipitisha kidole juu ya ungo. Akapitisha kwenye kitambaa. Akarudi kwenye mikono, akakaa hapo.

"Ungo ni wangu," alisema. "Kitambaa changu. Mikono si yangu. Hii ni mikono ya mtu asiyelima."

Kaka yangu akacheka. Wifi naye akacheka, kwa sababu mume wake amecheka. Mama hakucheka, na sasa najua hakuwa na ubaya. Alisema kama ambavyo angesema ugali haujaiva. Tena alisema kweli. Ilikuwa mikono yangu, ya mtu wa kaunta, vidole vyembamba visivyo na hata mpasuko. Mtu yeyote aliyewahi kushika mkono wa mama angeona kosa lile kutoka mlangoni.

Lakini siku ile sikuona kweli yoyote. Niliona wiki zangu tano. "Basi ukae ujichore mwenyewe," nilimwambia.

Kwetu hakuna anayemjibu mzazi hivyo. Kaka aliacha kucheka. Nikamnyang'anya mama picha, nikaenda nayo jikoni, nikaisukuma chini ya sufuria ya maji, na kadi nzuri ya vyeti inaungua polepole, kwa hiyo nilisimama pale nikiingoja. Mama alikuja nyuma yangu akaangalia moto. Alichukua ungo wake akatoka nje.

Asubuhi niliondoka na basi la kwanza bila kuaga vizuri. Njia nzima nilikuwa nazungumza mwenyewe moyoni. Mjini mikono yangu ni ya jembe, nyumbani ni ya asiyelima. Basi waniambie niikate niitupe wapi. Nilijionea huruma mpaka Mpanda, na nilipofika nikaendelea.

Miezi minne sikwenda. Mama hakuwa na simu, na salamu zake zilikuja kwa wifi, nami nikawa najibu kwa neno moja. Kuchora niliacha. Niliandika majina ya watu kwenye vyeti, nikaosha nibu, nikafunga kopo.

Halafu mwanzoni mwa masika ukaja ujumbe wa wifi. Ninao mpaka leo. "Wifi za siku. Mama anasema ukija safari hii uje na karamu. Anasema usichelewe."

Nilisoma nikacheka peke yangu dukani, kicheko kibaya. Nilielewa mara moja, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Nyumbani kwetu mtu aliyemkosea mzazi anakuja na chakula, majirani wanaitwa, mnakula pamoja na neno linaishia hapo. Mama alikuwa ananipangia adhabu. Picha yangu hakuitaka, nikajisemea, lakini wali wangu anautaka. Nikasema sawa, kama ni karamu, atapata karamu ambayo Mishamo wataizungumzia.

Nikaanza kukusanya. Mchele nilitaka wa Mpimbwe, sio mwingine. Mawese nikapata. Samaki nilimwagiza mama mmoja wa sokoni anayeletewa migebuka mikavu kutoka Kapalamsenga, na mzigo wake ukachelewa, wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili vililetwa vyeti vya kipaimara na bosi akanizuia. Wiki ya tatu sikuwa na sababu. Samaki walikuwa wamefika, vyeti vimekwisha, basi lilikuwa bado linapita. Nilikuwa nataka asubiri. Nimelizunguka hili mara nyingi kutafuta maneno mengine na hayapo: nilikuwa nafurahia kwamba kuna mtu ananisubiri.

Kaka alipiga simu Jumatano asubuhi, nikiwa nafagia mbele ya duka. Akasema mama ametutoka. Kifua kilikuwa kinambana tangu mwezi uliopita, na wao hawakuniambia, kwa sababu mama aliwakataza kunitisha. Aliwaambia mimi nakuja tu.

Nilikwenda na vile vitu vyote kama vilivyokuwa vimefungwa, maana msibani watu wanakula. Kondakta alinisaidia kupakia gunia la mchele akaniuliza kuna harusi ya nani. Kalamu, nibu na chupa vilibaki kwenye droo ya duka. Kwa miezi minne nilikuwa nimeapa kwamba mtu wa kule hataviona tena, na hata siku hiyo ya msiba kiapo kilikuwa kinafanya kazi bila mimi kukifikiria.

Nilifika jioni. Wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha na kumvika. Alilala amefunikwa shuka mpaka kidevuni, kitambaa kipya kichwani. Nilimshika paji la uso. Mikono yake ilikuwa ndani ya shuka na sikuomba kuiona. Kesho yake asubuhi jeneza lilipigwa misumari, na wanakwaya wakaanza kuimba uani.

Kaka alikuwa pembeni ya nyumba anamalizia msalaba. Alikuwa ameupiga randa vizuri. Akaniona, akaniita.

"Lete karamu," akasema.

"Iko jikoni," nikamjibu. "Akina mama wameshabandika sufuria."

Aliniangalia kama mtu anayeona mwenzake amechanganywa na kilio, akasema polepole, "Karamu ya kuandikia. Ile yako ya vyeti. Tuandike jina. Si mama alikwambia uje nayo?"

Nilikaa chini pale pale kwenye maranda.

Kwa Kirundi kalamu ni ikaramu. Ni neno la kwanza la shule ambalo mtoto yeyote wa kwetu analijua, nami nililijua kabla ya Kiswahili chake. Nilipokwenda sekondari mjini walinicheka kwa R zangu, wakaniambia nimekuja na karamu bila pilau, na kwa aibu nikaisugua lugha ile ulimini mpaka ikatoka. Nilifaulu sana. Dukani barua za watu nazisahihisha mimi, kula na kura, mahari na mahali. Kila siku mtu wa kwetu anasimama kaunta akiomba karamu ya buluu, na kila siku nampa kalamu ya buluu bila kumwuliza anampikia nani. Wote nawasikia. Mama yangu peke yake ndiye niliyemsikia vibaya, kwa sababu nilikuwa nataka kumsikia vibaya.

Wifi alikuja kunishika. Alidhani ni kilio cha kawaida, kwa hiyo akanisimulia kwa kunifariji, na kila alichonisimulia kilinizidishia. Alisema mama alikuwa anaisema ile picha tangu nilipoondoka. Alikuwa anasema imepatia kila kitu, imebaki mikono tu, nikija nitaimalizia nikiwa namwangalia yeye. Siku za basi alikuwa anakaa mlangoni.

"Tena alikuwa hataki nimpake mafuta mikononi," wifi alisema. "Namwambia mama, imekauka, inapasuka. Anasema acha, aje aikute ilivyo, achore vizuri."

Nilimwuliza wifi kwa nini hakuandika kwamba mama anataka kuchorwa. Akanishangaa. Alisema aliandika.

Nikainuka nikamwendea kaka. Nilimwomba afungue jeneza. Nilisema dakika moja tu, na sio uso, mikono. Yeye alikuwa ameshika nyundo bado. Mchungaji alikuwa amesimama na kitabu wazi, wanakwaya wamenyamaza kutusikiliza.

"Unataka umfungue mama uangalie nini?" akaniuliza.

Ningesemaje mbele ya watu wale wote? Kwamba nimeichora mikono mara mia na mikono yake sikuwahi kuiangalia; kwamba najua jinsi kivuli kinavyokaa chini ya kidole gumba changu na sijui chake; kwamba nikifumba macho naona ungo, naona kitambaa, na pale penye mikono naiona ya kwangu. Nilisema basi, yaishe. Kaka akanipigapiga begani. Alikuwa mpole siku ile, na upole wake niliuchukia.

Kalamu ya kuandikia msalaba haikupatikana. Maka ya mwalimu wa shule ya Jumapili ilikuwa imekauka. Mwishowe jirani mmoja anayeandika namba kwenye marobota ya tumbaku akaja na kopo la rangi nyeusi na brashi yake. Aliandika bila haraka, ameinama, mkono wake mnene umetulia kabisa juu ya mbao. Jina la mama aliliandika kama mama mwenyewe alivyokuwa akilitamka, na R mahali ambapo mimi, kwenye karatasi zote nilizowahi kujaza, nimeandika L. Kaka alinigeukia akaniuliza, wewe uliyesoma, liko sawa? Nikasema liko sawa.

Tuliporudi kutoka makaburini akina mama wakaniita jikoni. Wali wa Mpimbwe ulikuwa umeiva, migebuka imeungwa kwa mawese, na watu walikuwa wengi kweli kweli, wamejaa uani mpaka kwenye mihogo. Mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba mtoto huyu amemheshimu mama yake, hajawahi kuona msiba wenye chakula namna hii. Mtu akanipa mwiko. Nikanawa mikono, nikaanza kupakua.